Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utafiti wa madini: majibu ya sampuli zetu yako wapi?

Kwa Waheshimiwa viongozi mnaosimamia utafiti wa madini na usalama wa migodi,
Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: MATOKEO YA UTAFITI KUTOWAFIKIA WACHIMBAJI WADOGO WA MWANZA NA KANDA YA ZIWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu na wachenjuaji, yaani wanaoitenganisha dhahabu na mawe, wilayani Misungwi. Nina karasha moja, mashine ya kusagia mawe, mwalo mdogo wa kuoshea, na hisa kwenye duara, shimo la kuchimbia, ninalochangia na wenzangu. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imeziba. Tumepitisha barua ofisi ya kijiji, tukapitisha kata, nyingine tukapeleka kwa mkono, na tulichopata ni muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala tuliyobaki nayo. Sitaitaja ofisi wala ofisa. Maofisa huhamishwa, na aliyeripoti juzi hawezi kubebeshwa ya aliyeondoka. Faili ndilo lililobaki ofisini, na ndilo tunalolidai.

Hatulalamiki kwamba serikali haitafiti. Inatafiti. Inapima miamba, maji na vumbi, na imepima hata nywele zetu. Tatizo ni kwamba kinachochukuliwa mwaloni na kwenye maduara hakirudi mwaloni wala kwenye maduara. Yafuatayo ndiyo yanayotukera.

1. Sampuli zilizochukuliwa kwetu

Wataalamu walifika na barua ya utambulisho kutoka wilayani, tukawapokea vizuri. Walichota tope kwenye shimo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, wakalitia kwenye mifuko ya nailoni na kuandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Wakajaza maji kwenye chupa ndogo. Kisha wakawaita kina mama wanaoosha, mmoja mmoja, wakawakalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuwakata kishungi cha nywele kisogoni kwa mkasi mdogo. Kila kishungi kilibandikwa kwenye karatasi, upande uliokuwa karibu na ngozi ukawekewa alama. Wakaomba na mkojo. Wakauliza: unakula samaki mara ngapi kwa wiki? Mikono inatetemeka? Huwa unasikia ladha ya chuma mdomoni?

Mama mmoja, mjamzito wakati ule, aliuliza majibu yatatoka lini. Akaambiwa yatakuja kupitia kwa mtendaji. Mtoto aliyekuwa tumboni sasa anakwenda chekechea, mtendaji amebadilishwa, na yule mama bado anachoma dhahabu kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba yake kwa sababu hakuna aliyemwambia mwili wake umebeba nini. Ukipimwa malaria zahanati unarudishiwa kikaratasi, hata kama kimeandikwa "hakuna".

Kijana wetu anayesoma chuo alitutafutia kwenye simu yake tafiti zilizokwisha kuchapishwa kuhusu eneo hili, akatusomea akitafsiri. Ndipo tukajua kwamba tangu 1996 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha vipimo vya zebaki, ile tunayokamatia dhahabu, kwenye samaki na watu wa maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria, na kwamba samaki wa ziwani kwa jumla walikutwa na kiwango kidogo. Tukajua pia kwamba mwaka 1999 Masazumi Harada na wenzake waliripoti kuwa baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno kwenye nywele walishukiwa kuipata kwenye sabuni yenye zebaki, siyo migodini. Hebu fikirini. Habari inayowahusu wanawake wa Mwanza na sabuni wanazopaka usoni ilikuwa imelala kwenye jarida la Kiingereza, na sisi tunaisikia leo kutoka kwa mwanafunzi mwenye bando.

Nataja hili kwa makusudi, kwa sababu ukimya unaumiza hata pale ambapo habari ni njema. Kila zikivuma tetesi za sumu ziwani, wauza sato na sangara wa Kirumba ndio wanaolala na mzigo. Kama samaki wako salama, semeni, na mseme mlipima lini na wapi. Kama kuna mdomo wa mto au ghuba ambako hali imebadilika, semeni pia. Mito ya Isanga na Magogo-Moame inapita kwenye wilaya zetu kabla ya kumwaga maji Ghuba ya Mwanza, na vipimo vya miaka ya 1990 haviwezi kusema lolote kuhusu makarasha yaliyosimikwa juzi.

2. Ramani za miamba

Uchunguzi wa jiolojia wa nchi hii ulianza rasmi mwaka 1925, enzi za mkoloni, na makao yake yako Dodoma. Ni miaka 100 ya watu kutembea na nyundo na kuchora. Serikali ya sasa nayo, kwenye dira yake ya madini ya 2030, imetangaza kuwa nchi imepimwa kwa ndege kwa kina asilimia 16 tu, na kwamba lengo ni kufika asilimia 50. Tunaunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini ndege ikishapita, ramani inakwenda kwa nani? Mwekezaji mkubwa ana mjiolojia wa kuisoma. Mchimbaji wa Misungwi au Sengerema anasikia kuna rashi mahali, watu wanakimbilia dhahabu mpya, anauza ng'ombe wawili, anachimba mita 30 kwa sururu na moko, anakuta hakuna kitu. Asipokuwa na ramani anakwenda kwa mpiga ramli, na ramli hizo zimewagharimu nini ndugu zetu wenye ualbino Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kukumbushana. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ikafanya vyema. Ila anayetaka kujua mwamba unaelekea wapi bado ana swali lile lile, na mganga ndiye aliye karibu naye kuliko mjiolojia.

Tunajua kwamba Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limepewa mashine za kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Ni hatua kubwa. Tunachouliza ni hiki: matokeo ya mashimo yaliyochorongwa kwa fedha za umma yatawekwa wapi ili jirani asirudie kulipia shimo lile lile?

3. Uchenjuaji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Mawe ya juu, yale mekundu yaliyokwisha kuoza, hayana shida sana. Unasaga, unaosha, unatia zebaki kwenye karai, inashika. Ukizama zaidi, ukavuka usawa wa maji, mwamba unabadilika, unakuwa wa kijivu na mweusi, unametameta pairiti, madini ya chuma na salfa. Dhahabu ipo, lakini imejifungia ndani ya madini hayo, na zebaki haifiki. Mwenye duara anaona viroba vile vile vinatoa nusu ya vilivyokuwa vinatoa, anasema duara limekufa. Anahama kwenda kuchimba kwingine, anaacha shimo wazi bila kulifukia. Nimeona maduara mengi yakiachwa hivyo, na nimeona wenye mitaji wakija nyuma kimyakimya kununua marudio yake kwa bei ya kokoto.

Wenye mitaji hawana uchawi. Wana vati, yaani tangi, na sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Wataalamu wenyewe husema uchenjuaji wetu wa zebaki unakamata kama asilimia 30 hadi 40 ya dhahabu iliyomo, wakati sayanidi, kwa mawe yanayoikubali, inaweza kupita asilimia 90. Kwa hiyo anayeingia chini ya ardhi anachukua sehemu ndogo, na anayesubiri juu na tangi anachukua iliyobaki. Hilo ni soko, sitawalaumu watu kwa kufanya biashara. Ninachokilaumu ni kwamba elimu ya mawe gani yanakubali nini imebaki kwao peke yao, wakati imetafitiwa na taasisi za umma.

Kuna kubwa zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo umetaja mambo manne ambayo nchi inatakiwa iyakomeshe kwa wachimbaji wadogo: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya kwenye mchanga mzito uliokwisha kuoshwa, kuchoma dhahabu yenye zebaki mahali pa wazi, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kutia sayanidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Yote manne yanafanyika mchana kweupe. La nne ndilo baya kuliko yote na ndilo lisilosemwa, kwa sababu sayanidi huyeyusha zebaki na kuibeba kwenda kwenye maji. Marudio yangu yakitoka mwaloni yanapakiwa kwenye Fuso, yanakwenda moja kwa moja kwenye vati. Sijawahi kumwona mtu akiondoa zebaki kwanza, wala sijawahi kuonyeshwa inaondolewaje kwa gharama ninayoiweza.

Siyo kwamba njia hazipo. Kuna retoti, chombo cha chuma kinachofunga mvuke wa zebaki na kuirudisha ikiwa kimiminika ili uitumie tena. Kuna boraksi, ambayo wachimbaji wa Benguet huko Ufilipino wanaitumia kuyeyushia dhahabu bila zebaki kabisa, na ambayo imewahi kujaribiwa hapa hapa Tanzania. Kuna meza za kutikisa, zinazotenganisha dhahabu na mchanga kwa maji na mtikisiko. Kuna vituo vya mfano vilivyojengwa ili tujifunze: Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi mkoani Mbeya. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda Geita imekuwa nyepesi kwa mtu mwenye begi. Kwa mtu mwenye tani kumi za mawe bado ni ndoto. Tunataka matokeo ya vituo hivyo: mawe ya aina gani yaliletwa, yalitoa kiasi gani kwa kila njia, gharama ya tani moja ilikuwa shilingi ngapi. Karatasi tatu zinatosha.

Na hapa Mwanza mjini tuna mtambo wa kusafisha dhahabu uliozinduliwa mwaka 2021, unaosafisha hadi asilimia 99.99. Tunaujivunia. Dhahabu hiyo hiyo, kabla ya kufika kwenye mashine zile zinazong'aa, baadhi yake ilichomwa kwenye kijiko cha chuma huku mtoto amekaa pembeni akisubiri uji.

4. Maduara yanayoua

Januari 2024 wachimbaji 22 walifukiwa Ng'alita, wilayani Bariadi, wakati wa mvua kubwa. Mwaka 2015, Nyangalata, wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima ikashangilia. Ajali zikitokea viongozi hufika, rambirambi hutolewa, mgodi hufungwa kwa muda. Haya tunayashukuru, hasa kwa familia. Ila sisi tuliobaki tunaochimba kwenye udongo wa aina ile ile hatujawahi kubandikiwa ubaoni taarifa ya chanzo: ukuta ulikuwa wa udongo gani, maduara yalikuwa yameachana kwa umbali gani, mvua ilikuwa imenyesha siku ngapi, matimba ya kushikilia ukuta yalikuwa mangapi na ya mti gani.

Tunajua tunachokijua kwa macho. Udongo mwekundu ukinywa maji unazidi uzito na kuachana na mwamba. Maduara mawili yakitobolana chini, la juu linakosa mguu. Mikaratusi michanga inayokatwa haraka haraka kuwa matimba inapinda baada ya wiki chache. Pia siyo wote wanaofukiwa. Wengine wanakufa wakiwa wazima kabisa, kwa moshi wa baruti ambao haujatoka, au kwa hewa ya injini ya pampu iliyowekwa karibu na mdomo wa duara. Sumu iliyomo kwenye hewa hiyo, kaboni monoksaidi, haina harufu. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye habaki salama.

Kanuni zipo, za usalama, afya na mazingira migodini, tangu 2010. Zinasema mengi mazuri. Kinachokosekana ni kipimo cha mahali: kwa udongo wa Misungwi, duara lisipite kina gani bila matimba, na mvua ikinyesha kiasi gani tusimame siku ngapi. Hilo ni swali la utafiti na haliwezi kujibiwa na mkaguzi anayefika na kuondoka kabla ya saa nane.

5. Vumbi

Kwa ufupi. Mawe meupe yakisagwa makavu yanatoa vumbi linalokaa kwenye mapafu, linaleta silikosisi na kufungulia mlango kifua kikuu. Kuna vijana wangu wa karasha wanaokohoa. Kunyunyizia maji wakati wa kusaga hupunguza vumbi, na maji tunayo, tuko Kanda ya Ziwa. Tunaomba wapimwe na waambiwe, basi.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, maana mengine tumekwisha kuyasikia kwenye korido.

Mtasema takwimu za miamba ni siri ya biashara. Za kampuni yenye leseni yake, sawa. Zilizolipiwa na walipa kodi ni za walipa kodi.

Mtasema wachimbaji wadogo hawawezi kuelewa mambo ya kitaalamu. Kila asubuhi mchimbaji wa darasa la saba anafungua simu kuangalia bei ya dhahabu ya London, anaigeuza kuwa shilingi kwa gramu, anatoa mrabaha, na hakosei hata mia. Bei elekezi ya madini inabandikwa sokoni na tunaisoma. Mtu anayeweza kusoma hiyo anaweza kusoma kwamba maji ya kisima fulani yasinywewe.

Mtasema bajeti ni finyu. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019 tunauza kwa utaratibu na kukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Viongozi mmetamka wenyewe majukwaani kwamba wachimbaji wadogo sasa wanachangia takriban asilimia 40 ya mapato ya sekta. Hatuombi hisani.

Mtasema wengi wetu ni wavamizi wasio na leseni. Wapo, na kikundi chetu kina leseni. Ila mvuke wa zebaki hauulizi leseni, wala ukuta wa duara.

Na mtasema waliokuja kuchukua nywele walikuwa wa mradi, au wa chuo cha nje. Mtafiti wa nje hupata kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa afya hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Aliyewaruhusu waingie ni serikali, na serikali hiyo hiyo inaweza kuwauliza majibu yako wapi.

Tunaomba hivi. Kwanza kabisa, kila mtu aliyetoa nywele, mkojo au damu arudishiwe majibu yake, kwa siri, kupitia zahanati, pamoja na maelezo ya afanye nini. Hili halihitaji kikao. Ripoti za tope na maji zifupishwe kwa Kiswahili na kubandikwa ofisi za vijiji na kwenye masoko ya madini. Taarifa za chanzo cha ajali za maduara zitolewe bila majina ya marehemu, lakini na vipimo vyote. Ramani za maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wadogo Mkoa wa Mwanza ziwekwe ofisi ya madini ya mkoa, zionekane bure, na awepo mtu wa kuzisoma pamoja nasi hata siku moja kwa wiki. Na majaribio ya kuondoa zebaki kwenye marudio kabla ya sayanidi yafanyike hapa, kwenye marudio yetu. Nitatoa ya kwangu, na karasha langu litumike bila malipo.

Pamoja na barua hii tumewasilisha ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Siku hizo zinahesabiwa tangu ombi lilipopigwa muhuri. Zikipita kimya, tutakwenda kwenye rufaa kama sheria hiyo inavyoelekeza, na wakati huo huo tutawaomba wachimbaji wa kikundi chetu wasitoe sampuli nyingine kwa mtafiti yeyote asiyetia sahihi kwamba atarudi na majibu. Hatupendi kufika huko. Utafiti tunauhitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha wachimbaji na wachenjuaji wadogo,
Misungwi, Mwanza.

Nakala:
Waheshimiwa wabunge wa majimbo ya Mkoa wa Mwanza
Wahariri wa redio na magazeti, Kanda ya Ziwa
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji